Kreatini ikitulia, usibweteke

Figo niliyo nayo nilipewa na mke wangu. Mwaka wa kwanza, kila majibu ya damu yalipotoka macho yalikimbilia mstari mmoja tu, wa kreatini, taka ya misuli ambayo figo huichuja. Haijapanda? Basi, napumua. Sikujua kwamba kreatini huchelewa. Mara nyingi hupanda figo ikiwa imeshaumia, na hata ikipanda haisemi kama ni mwili unaoikataa figo au ni upungufu wa maji tu.

Kwangu ilikuwa palepale, nami najisikia mzima kabisa. Kilichomshtua daktari ni kipimo cha DNA ya mtoaji. Seli za figo zinapokufa humwaga vipande vya DNA kwenye damu. Vya mke wangu havifanani na vyangu, kwa hiyo maabara hupima ni sehemu gani ya vipande vyote ni vyake. Wengi huchukua asilimia 1 kuwa mpaka wa kushtukia. Mimi nilikuwa na 1.6.

Kipimo hicho hakikuniepusha na biopsi, yaani kuchomwa sindano ili kutoa kipande kidogo cha figo kichunguzwe, na msidanganywe kwamba kinaondoa haja yake. Kinasaidia kujua nani aende, na lini. Nililala chali, maana figo ya kupandikizwa huwekwa mbele, chini ya tumbo. Sindano ikalia tak! Baada ya hapo saa kadhaa za kutulia kitandani, kila mkojo nautazama rangi. Jibu: mwili ulikuwa umeanza kuikataa. Tuliwahi.

Kuna pia vipimo vya mkojo, vya kemokini ziitwazo CXCL9 na CXCL10, zinazoita seli za kinga pale penye vita. Lakini maambukizi ya njia ya mkojo na virusi vya BK, vinavyoweza kuishambulia figo ya kupandikizwa, huzipandisha vilevile. Kama mkojo unakuchoma, sema kabla hujatoa sampuli, tafadhali.

Linaloniuma hadi leo ni hili. Wiki chache kabla ya hayo yote nilimeza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, asubuhi, ndipo nikaenda kutolewa damu. Kiwango cha dawa kwenye damu kikaonekana kikubwa, dozi ikapunguzwa. Hakuna aliyeniuliza nimemeza saa ngapi, wala mimi sikusema. Dawa hii hupimwa kabla ya dozi inayofuata; kwa anayeimeza mara mbili kwa siku, ni baada ya kupita muda wa kama saa 12 tangu ile ya mwisho.

Siku za kliniki sasa kidonge cha asubuhi nakibeba kwenye kimfuko kimoja na daftari langu la vipimo. Nakimeza pamba ikiwa bado mkononi.