Midomo Ijae: Penseli Kwanza, Sindano Baadaye

Swali la wiki hii kutoka kwa msomaji: "Dada, nataka midomo ijae, nianze na nini?" Penseli, mpenzi.

Chukua iliyokolea kidogo kuliko rangi ya mdomo wako. Toka nje ya ukingo milimita 1 tu, tena katikati peke yake: kwenye kibonde cha mdomo wa juu na katikati ya ule wa chini. Ukikaribia pembe, rudi kwenye ukingo wako wa asili. Wengi huzungusha mpaka mwisho, halafu wakicheka mstari unabaki nje kama masharubu. Jaza kwa penseli hiyohiyo, kisha tone moja la lipshaini katikati, usilisambaze.

Zile lipshaini za kuwasha zina pilipili, mdalasini au mentholi. Damu inajaa, mdomo unatuna kwa muda mfupi, basi. Kwenye midomo iliyopasuka usithubutu.

Sindano sasa. Fila, yaani kijazio kinachodungwa mdomoni, inayotumika sana ni jeli ya asidi ya hialuroniki. Bomba la mililita 1 ni sawa na moja ya tano ya kijiko cha chai, na kwa mara ya kwanza wengi nusu yake inawatosha. Siku mbili za mwanzo utavimba, usijipige picha ukalia. Subiri wiki mbili uone umbo lenyewe. Hukaa miezi 6 hadi 12 hivi. Kama hutokwa na malengelenge ya homa mdomoni, sema mapema, maana sindano huyaamsha.

Kabla ya kuuliza bei, uliza kama hialuronidasi, dawa ya kuyeyusha jeli, ipo chumbani humo. Ndani ya midomo hupita ateri, mshipa unaoleta damu. Jeli ikiiziba, nyama hukosa damu na huanza kufa. Maumivu usiyategemee, kwa sababu jeli nyingi huchanganywa na ganzi. Tazama weupe au madoa kama wavu. Kwenye midomo myeusi weupe huo hujificha, kwa hiyo geuza mdomo, bonyeza upande wa ndani, achia. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 3, rudi kwa daktari saa hiyohiyo, na barafu uiache.

Kalamu zisizo na sindano zinazouzwa mtandaoni husukuma jeli kwa shinikizo, na kina chake hakuna anayekidhibiti. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilizitolea onyo Oktoba 2021. Silikoni ya maji ya kudungwa ndiyo mbaya zaidi: hialuronidasi haiyeyushi silikoni, na mara nyingi kuitoa ni kwa kisu.