Fundi Anajibu: Lipi la lazima, lipi la hiari?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimekiandikia kikundi chetu cha kuweka na kukopa programu kwa lugha ya Python, naiita mchango. Inasoma faili la Excel, inapiga hesabu za mikopo, inatoa stakabadhi za PDF na kuchora grafu. Nimeweka pandas (ya hesabu za majedwali), openpyxl (ya Excel), reportlab (ya PDF) na matplotlib (ya grafu) zote kuwa mategemeo ya lazima, yaani vifurushi vinavyosakinishwa pamoja na programu kila mara. Mhasibu wetu hutumia intaneti ya simu, analalamika kwamba kuisakinisha kunamla bando lote. Rafiki yangu anasema nibakize pandas tu, nyingine ziwe za hiari. Nimsikilize?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba. Msikilize nusu.

Rafiki yako anapima uzito wa kifurushi (kifurushi cha programu, si hilo bando la mhasibu). Mimi nauliza kitu kingine: kisipokuwepo, mhasibu atakwama wapi, na siku gani?

Tuanze na openpyxl. Waliotengeneza pandas wenyewe wameifanya ya hiari, na wana haki, kwa kuwa wapo watu wanaotumia pandas miaka nenda rudi bila kugusa faili la Excel. Lakini kwenu Excel ndiyo mlango. Bila openpyxl, programu yako haisomi hata shilingi moja. Kwa pandas ni hiari, kwako ni lazima, na kifurushi ni kilekile. Tena ni chepesi, kinavuta et-xmlfile basi.

Matplotlib ndiyo yenye msafara: pillow, fonttools, kiwisolver, contourpy na wengineo, ukiacha numpy ambayo pandas ingekuja nayo hata hivyo. Na grafu mnazitazama lini? Nadhani kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Hiyo itoe kwenye lazima leo hii.

Reportlab inanikumbusha aibu yangu. Niliwahi kuiandikia kamati ya maji ya kijiji programu ya ankara, nikafanya stakabadhi za PDF kuwa za hiari ili programu iwe nyepesi. Nilijiona mjanja. Siku ya makusanyo karani akabonyeza kuchapa, kikamtokea kisa kirefu cha Kiingereza kinachoishia na ImportError, yaani Python imekosa kifurushi ilichoitiwa. Foleni imefika nje, mtandao hakuna. Nikapakia vifurushi kwenye flash, nikampa kondakta wa basi, ikafika kesho yake. Kwa hiyo kama wanachama wenu hudai stakabadhi kila wanapolipa, usiniambie reportlab ni ya hiari.

Debian, wale wa mfumo wa Linux, wana ngazi ninayoitamani katika kupanga mategemeo. Kwao lazima ni Depends: pilau na mchele. Suggests ni soda, ukipenda. Katikati kuna Recommends, vitu ambavyo utavikuta pamoja karibu kila mahali isipokuwa kwa mtu mwenye sababu zake. Hiyo ni kachumbari, ingawa mume wangu ataiweka kwenye Depends. Apt, kisakinishi chao, husakinisha Recommends bila kuulizwa, na asiyezitaka anaandika --no-install-recommends. Kwenye pip, kisakinishi cha Python, ngazi hiyo haipo: cha hiari hakiji mpaka kiitwe kwa jina. Ndiyo maana kwenye Python, nikisitasita kati ya mawili, naangukia lazima.

Sasa kazi yenyewe. Katika pyproject.toml, faili linalotaja mategemeo ya programu yako, chini ya [project.optional-dependencies], andika grafu = ["matplotlib"]. Anayetaka grafu atasakinisha "mchango[grafu]", na alama za kunukuu asiziache, maana baadhi ya shell (dirisha la kuandikia amri) huyatafsiri mabano hayo vingine.

Halafu fungua msimbo wa programu yako. Naweza kubashiri kwamba import ya matplotlib (mstari unaoiita) umeiweka juu kabisa ya faili. Ikibaki pale, programu itakufa mlangoni hata kwa mtu asiyetaka grafu, na neno lako "hiari" litakuwa la karatasini tu. Ihamishie ndani ya funksheni inayochora. Ikishindikana, ikamate hiyo ImportError na umwambie mhasibu kwa Kiswahili: grafu zinahitaji kifurushi cha ziada, sakinisha hivi, ripoti nyingine zinaendelea kama kawaida.

Bando lake nalo linatibika. Wewe mwenye mtandao mzuri tumia pip download, weka kwenye flash, naye asakinishe kwa --no-index (pip isitafute mtandaoni) na --find-links (itafute kwenye flash). Hakikisha tu kompyuta zenu zina mfumo mmoja na toleo moja la Python, la sivyo utapanda basi mwenyewe.

Kabla ya kumpelekea, tengeneza mazingira matupu kwa python -m venv, sakinisha mchango bila grafu, kisha bonyeza kila kitufe, hasa kile cha grafu. Kwenye kompyuta yako ya kila siku kila kitu kipo tayari, hutaona kasoro yoyote. Ujumbe utakaotokea hapo unitumie, nitazame Kiswahili chake.