Bango halisomeki

SWALI: Shikamoo mzee. Nachapa mabango hapa Morogoro. La juzi niliandika lote kwa fonti ya Impact, mteja kalikataa: ukiwa ng'ambo ya barabara husomi kitu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Impact aliichora Mwingereza Geoffrey Lee, ikatoka 1965 kwa herufi za kuchapia zilizosubiwa kwa madini ya risasi, kiwanda cha Stephenson Blake, Sheffield. Ni ya vichwa vikubwa. Itazame "a" au "e": tundu la ndani jembamba kama ufa wa mlango. Ukiijaza mistari mitano, kwa mbali matundu yanazibana, unaona tope jeusi. Mimi huipa maneno mawili tu, kama VIFARANGA HAPA, nikaziachanisha herufi kidogo. Bei na simu andika kwa fonti ya Arial. Na kile kivuli chekundu cha herufi (najua umekiweka) kiondoe.