Saa yako ikienda mbele sekunde tano, usikimbilie kwa fundi

Watu wakishajua kwamba napenda saa za mashine, zile zisizotumia betri, swali linalofuata huwa lile lile: "Nimetoa mamilioni, mbona inakwenda mbele?" Wengine huwa wameshaamua kuipeleka ikafunguliwe. Nawasihi wasiifungue kabla ya kuipima, na wakishaipima wasitafute sifuri. Cha kutafuta ni utulivu. Saa inayokwenda mbele sekunde nne leo, nne kesho, nne keshokutwa, ni saa nzuri kuliko ile inayozidi kumi leo na kubaki nyuma tisa kesho, hata kama mwisho wa wiki hesabu ya hiyo ya pili inakaribia kuwa sawa. Ya kwanza fundi ataisogeza kidogo tu ikae vizuri. Ya pili ina ugonjwa.

Tuanze na kinachowezekana. Siku ina sekunde 86,400. Saa nyingi za kisasa hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mapigo manane kila sekunde. Anayehesabu mapigo hayo ni kigurudumu kidogo kinachocheza kwenda na kurudi, kikirudishwa na springi nyembamba kama unywele. Ikikosea sekunde tano kwa siku, kosa lake halifiki asilimia 0.006. Na kazi hiyo inafanywa na vyuma, vito na matone ya mafuta ndani ya kitu ulichovaa ukipanda boda, ukifua, ukilala. Mimi bado linanistaajabisha jambo hili.

Huko Uswisi kuna taasisi inayoitwa COSC, iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo kazi yake ni kuzipima mashine za saa. Mashine hupimwa kwa siku 15, katika mikao mitano na katika joto la nyuzi 8, 23 na 38, na wastani wake kwa siku hautakiwi kuzidi sekunde 6 mbele wala 4 nyuma. Ikifaulu ndipo saa hupewa cheo cha kronomita. Tangu 2015 Rolex wamejibana zaidi: sekunde 2 mbele au 2 nyuma, tena baada ya mashine kuwekwa ndani ya kasha lake. Saa za Omega zinazopimwa kwa kanuni za METAS, taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, hazitakiwi kubaki nyuma kabisa, ni kuanzia sifuri hadi 5 mbele. Grand Seiko ya Japani wao wanasema 3 nyuma hadi 5 mbele. Kwa hiyo saa yako mpya ya bei kubwa isiyo Rolex ikizidi sekunde tatu au nne kwa siku, hujaibiwa. Hicho ndicho ulichonunua.

Tena muuzaji hatakuambia hili: saa ya betri inazishinda zote hizo. Ndani yake kuna kioo cha kwarzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na ya kawaida hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Ile inayouzwa juu ya meza pale William Street, Kampala, ikiwa na betri nzima, itaipita kwa usahihi saa inayoweza kununua kiwanja. Ninayemshauri anunue saa ya mashine namwambia hivyo kabla hajatoa pesa, kwa sababu ninataka aipende kwa ufundi wake. Nami Ramadhani nafuturu kwa adhana, si kwa saa ya mkononi, na mapenzi yangu kwa saa hayajapungua.

Kupima hakuhitaji kifaa chochote. Hakikisha simu yako inachukua saa ya mtandao yenyewe, fungua programu inayoonyesha sekunde, kisha kila asubuhi wakati ule ule subiri mshale wa sekunde wa saa yako ufike juu kabisa kwenye 12. Andika simu inasema nini wakati huo. Usiirekebishe saa katikati, iache ijionyeshe tabia yake. Baada ya wiki moja toa hesabu ya kila siku peke yake, usichukue wastani tu, maana wastani huficha mengi. Na saa iwe imeshiba. Ya kutia ufunguo kwa mkono, itie kila asubuhi mpaka ikatae. Ile ya otomatiki inajijaza kwa mkono wako unavyotembea, lakini mtu anayekaa ofisini kutwa huenda haijazi vya kutosha, na springi kuu, ile inayoiendesha saa, ikilegea mapigo hubadilika. Saa nyingi zina akiba ya kama saa 40. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi utaikuta imelala.

Kilichonifurahisha zaidi nilipoanza kuandika daftari ni habari ya mikao. Saa ikilala uso juu, kigurudumu kile kinasimama juu ya ncha ya mhimili wake, msuguano ni mdogo, kinacheza kwa upana. Ukiisimamisha kwa ubavu, mhimili unasugua pembeni, mchezo unapungua, na uzito wowote usiolingana kwenye kigurudumu unaanza kuvutwa chini. Ndiyo maana saa ile ile ina mwendo tofauti ikiwa mkononi na ikiwa mezani. Yangu ikilala uso juu usiku inaongeza. Ikilala kwa ubavu, kile kitufe cha kutilia ufunguo kikiwa chini, inarudi nyuma kidogo. Nikiona imezidi sana wiki hii, nailaza kwa ubavu usiku kadhaa, inajisawazisha, na hakuna bisibisi iliyoigusa. Jaribu mikao yote, uandike. Yako inaweza kuwa kinyume kabisa.

Kuna maneno niliwahi kuambiwa dukani ambayo nataka yakome: kwamba saa "imetegwa kwa ajili ya Ulaya" na lazima irekebishwe upya kwa sababu Uganda iko kwenye ikweta. Yana asili ya kweli, lakini kwa saa za timazi, zile kubwa za ukutani zenye kitu kinachoning'inia na kubembea. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer, mtaalamu wa nyota, alifika Cayenne huko Amerika Kusini, karibu na ikweta, akakuta saa yake ya timazi inabaki nyuma kama dakika mbili na nusu kwa siku, kwa kuwa mvutano wa dunia huku kwetu ni hafifu kidogo kuliko Paris. Timazi hurudishwa na mvutano huo. Kigurudumu cha saa ya mkononi hurudishwa na springi yake, basi simama Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, mguu mmoja kusini mmoja kaskazini, mwendo wake ni ule ule. Atakayekudai pesa kwa sababu ya ikweta, mshukuru uondoke.

Adui wa kweli ni sumaku. Shemeji yangu anayeishi Bombo aliniletea saa iliyokuwa nzuri kwa miaka, ghafla ikawa inakimbia dakika kadhaa kwa siku. Alikuwa ameshaambiwa mashine imekufa. Nilimuuliza usiku anaiweka wapi, akasema juu ya spika ndogo ya bluetooth. Sumaku inaifanya mizunguko ya ile springi nyembamba ishikane, springi inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi hupiga haraka. Ukiona saa imeanza kukimbia hivyo kwa ghafla, isogeze karibu na dira ya kawaida. Sindano ikirukaruka, umempata mchawi. Kifaa cha kuondoa sumaku ni kidogo, kazi ni ya chini ya dakika moja, na saa haifunguliwi. Ya shemeji ilirudi katika mwendo wake siku ile ile. Mikoba yenye vifungo vya sumaku na makava ya tableti ni vya kuangalia pia. Saa mpya zenye springi ya silikoni hazina shida hii.

Ikiwa hakuna sumaku, saa imeshiba, na daftari bado linaonyesha mwendo unaoyumba kila siku, huenda mafuta yamekauka, na hapo sasa fundi anahitajika. Wapo mafundi wazuri Kampala, wengine wanakaa barazani na meza ndogo, lakini kwa saa ya bei kubwa muulize kwanza kama ana mashine ya kusikiliza mapigo. Inaonyesha kwenye kioo mwendo wa sekunde kwa siku katika kila mkao, na upana wa mchezo wa kigurudumu. Upana huo ukiwa kati ya nyuzi 270 na 300 za mzunguko, saa ikiwa imeshiba na imelala uso juu, ni afya njema. Mpe nakala ya hesabu zako, piga picha ya kioo kile kabla hajaifungua, na nyingine atakapoifunga, katika mikao ile ile. Asipokubali kupigwa picha, ichukue saa yako.