Kuni mbichi na baridi iko mlangoni

Ndugu, magogo uliyokata miezi miwili iliyopita usiyaache mazima chini ya turubai, yapasue leo. Gome huzuia maji kutoka, na gogo zima hukawia mno kukauka. Pasua vipande vyembamba kama kifundo cha mkono, vipange juu ya mbao visiguse ardhi, kisha funika juu tu. Turubai ulilozungushia pande zote ndilo linalofuga ukungu.

Mwaloni, mti wa mbao ngumu, huweza kuhitaji hata miaka 2 kukauka, kwa hiyo uweke kwa matumizi ya baadaye. Kuni kavu ni nyepesi, ncha zina nyufa, na ukizigonganisha hulia kwa sauti kali. Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Tafadhali usichome mbichi: masizi yanayonata hujaa kwenye dohani na yanaweza kushika moto. Mwite fundi aisafishe kabla hujawasha.