Safari inaonekana, wapagazi hawaonekani

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Moshi, natengeneza kasistimu ka kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, data iko Postgres (hifadhidata) na mbele yake nimeweka Hasura, mpatanishi anayeangalia ruhusa, ili app ivute kwa GraphQL, lugha ya kuulizia data. Tebo ziko tatu: safari, wapagazi, na ya katikati safari_wapagazi inayosema nani kapanda na safari ipi. Nikiingia kama admini naona kila kitu freshi, ila cheo cha "gaidi", yaani anayewaongoza wageni, akiingia anaiona safari yake na mistari sita ya wapagazi, lakini kila mstari mpagazi ni null, yaani patupu!! Nikachoka, nikafungua tebo ya wapagazi bila masharti, ikakubali, sasa kila mmoja anaona wapagazi wa kampuni nzima mpaka simu na malipo yao. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujasoma zaidi nenda kafunge hiyo ruhusa, simu za watu hizo, tutaendelea ukirudi.

Haya. Wengi mnadhani ukishaunganisha tebo basi ruhusa nayo inafuata kamba, yaani akiruhusiwa safari karuhusiwa na wapagazi wa hiyo safari. Haifuati. Kuunganisha ni barabara tu, kila tebo ina geti lake na mlinzi wake, ni kama umelipia geti la Marangu halafu unadhani umeshalipia na Machame. Admini yeye hakaguliwi popote ndo maana kwako kila siku iko poa.

Uzuri ni kwamba sistimu yako imeshakuambia tatizo liko wapi. Safari yake anaiona, kwahiyo id inayokuja na tokeni (kile kitambulisho app inachotuma akishaingia) iko sawa, usihangaike nayo. Mistari sita imekuja, kwahiyo tebo ya katikati nayo imempitisha, ingemkataa ungepata orodha tupu kabisa, sio null sita. Na kama cheo kingekuwa hakina ruhusa yoyote kwenye wapagazi usingepata hata null, ungepata eror kwamba hiyo fildi haipo, maana Hasura inamchorea kila mtu skima yake, yaani orodha ya anavyoweza kuuliza, kulingana na cheo. Kwahiyo ruhusa ulikuwa umeweka ila sharti lake lilikuwa linamkataa kila mpagazi, nadhani ulikopi lile la tebo nyingine.

Sharti sahihi kwenye wapagazi linarudi nyuma: mwonyeshe mpagazi huyu kama yumo kwenye safari_wapagazi, na safari hiyo gaidi_id yake ni sawa na X-Hasura-User-Id, yaani id ya aliyeingia. Ili uweze kuliandika lazima uwe umeunganisha na upande wa kurudi, kutoka wapagazi kwenda ile ya katikati, watu wengi wanaunganisha upande mmoja wanaacha halafu wanashangaa kwanini hiyo njia haitokei kwenye konso, ule ukurasa wa kusimamia Hasura. Malipo usimtikie kabisa kwenye zile kolamu. Simu mwachie, huko juu Horombo mpagazi akichelewa na mzigo atampigia nani.

Alafu acha kujaribu ukiwa admini, hutakaa uone kosa. Kwenye konso ongeza heda mbili (vile vielezo vinavyotangulia ombi), x-hasura-role uandike cheo na x-hasura-user-id uandike id ya mtu mmoja, hapo itakujibu kama inavyomjibu yeye hata kama siri ya admini, yaani nywila yake, bado ipo. Jaribu na watu wawili wa safari tofauti, mmoja hatoshi maana hata ile ruhusa uliyofungua wazi kwa mtu mmoja ingeonekana inafanya kazi.

Na hilo jina la cheo jamani, GAIDI?? Najua mdomoni huku kaskazini tunaita hivyohivyo, ila siku mgeni anayejua Kiswahili akachungulia hiyo simu utajieleza mpaka usiku. Weka "mwongozaji", na ubadilishe leo, maana cheo kinaandikwa kwenye kila sharti na ndani ya tokeni pia, ukiwa na tebo ishirini hutaki hiyo kazi.