Duka moja, wenyewe watano

Mteja akifungua duka la mtandaoni la asali anaona kitu kimoja. Nyuma yake kuna ushirika wa wafugaji nyuki Tabora, kampuni ya programu Dar es Salaam, kampuni ya kupitisha malipo, mitandao ya simu, na msafirishaji anayepokea mzigo wa basi pale Mbezi. Kila mmoja ana bosi wake na mkataba wake. Kazi yangu ni kusimama katikati yao. Ukiingia kwenye kazi ya namna hii, usianze na kikao cha kutambulishana. Anza na oda moja.

Nunua mwenyewe, kwa hela yako, kwa simu yako, uifuate oda hiyo mpaka chupa ikufikie mkononi. Majaribio ya bure ya watu wa programu hayatoshi, kwa sababu pesa halisi ndiyo inayoamsha kila mhusika.

Tatizo linalojirudia kuliko yote ni hili. Mteja amelipa kwa M-Pesa, ujumbe umeingia, salio limepungua, lakini dukani oda inasoma "haijalipwa". Mtandao wa simu unasema muamala umekamilika. Kampuni ya malipo inasema taarifa ilitumwa. Watu wa programu wanasema hawakuiona. Na wote wanasema kweli! Taarifa ilitumwa mara moja tu, wakati seva, yaani kompyuta inayoendesha duka, imezima, na hakuna mkataba uliosema nani aitume tena. Wakati huo mteja anapiga simu ushirika, anapokea katibu ambaye hajui lolote kuhusu seva.

Ndiyo maana mimi huweka jina la mtu kwenye kila makabidhiano badala ya kuweka "afisa kiungo" kwa kila taasisi. Pesa inapotoka kwenye simu kwenda dukani, nani anagundua ikikwama? Anapigiwa nani? Mteja anajibiwa nini huku akisubiri? Na namba ya muamala isafiri na oda kila inapokwenda. "Yule mama wa Kinondoni" hatafutiki kwenye mfumo wowote. Kila asubuhi mtu mmoja alinganishe oda na taarifa ya malipo, mstari kwa mstari. Inachosha, lakini hapo ndipo makato yanapoonekana: asali imeuzwa 30,000, ushirika umeingiziwa pungufu, na minong'ono ya wizi inaanza kumbe ni ada. Nani anabeba ada hiyo, kubalianeni kabla bei haijawekwa dukani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo ni ya muuzaji kutoa. Kampuni ya malipo haiuzi asali.

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kushtuana. Maamuzi yaende kwa barua pepe, maana kundini yanamezwa na salamu za asubuhi.

Halafu umiliki. Jina la tovuti la .co.tz lisajiliwe kwa jina la ushirika, si la kijana aliyetengeneza duka. Nywila kuu zikae kwao pia. Orodha ya wateja, yenye namba za simu na mahali wanapoishi, inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo mkataba useme nani anaruhusiwa kuiona na inafutwa vipi mkiachana. Kampuni ikigoma kuandika hayo, tafuteni nyingine kabla hamjatoa malipo ya awali.